Usikimbie, Loweka Gunia

Bujora, Kisesa
9 Mei 1993

Kwa Mzee P. Byabato, mwandishi wa kitabu cha mashine ya kusaga

Shikamoo baba,

Hunijui. Mimi nalijua jina lako tu, maana limeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kitabu chako: "Kimetayarishwa na P. Byabato. Ukikwama, andika." Basi nimekwama, naandika.

Naitwa Odeta Masele. Nimesoma hadi darasa la saba, na ni katibu wa kikundi cha kina mama hapa Bujora. Ukiona mistari inapanda na kushuka, ujue ni mwanangu Luhaga, yuko mapajani ananyonya huku anavuta kalamu. Sijalala vizuri tangu azaliwe, lakini hilo si swali langu.

Wafadhili wametuletea mashine ya kusaga, mpya kabisa, ndani ya sanduku la mbao. Tulipiga vigelegele. Sanduku likafunguliwa, na maelekezo yake yakawa karatasi moja tu, imekunjwa kama ile ya ndani ya boksi la dawa. Ina picha. Kuna mkono umepigwa msalaba mwekundu. Kuna tone na alama ya mshangao. Maandishi ni ya lugha tatu na hakuna hata moja tunayoijua. Mwenyekiti wetu, Mama Kashindye, aliigeuza juu chini akauliza, "Huu mkono umekatazwa nini? Kusalimia?"

Fundi wa karibu ni yule anayefanya kazi kwenye mashine ya Chenge, pale Kisesa. Akija anatutoa nje, anafunga mlango, tunasikia injini inaunguruma. Akiondoka ikazimika, ndiyo basi. Tukimwuliza anajibu, "Mama zangu, hii ni siri ya kazi." Na wafadhili wamesema msimu wa mavuno ukiisha hatujaweza kuiendesha wenyewe, watampa anayeiweza. Anayeiweza ni Chenge, kila mtu anajua. Hapo tutarudi kubeba mahindi kichwani na watoto mgongoni, kwenda kupanga foleni yake.

Kitabu chako nilikiokota kwenye ghala la zamani la pamba. Ni cha mashine ya ushirika, ambayo ilishakufa. Nilikisoma chote kama hadithi. Pale baada ya kuwasha injini umeandika: "Sasa pumzika kidogo. Umefanya kazi nzuri." Baba, tangu nijifungue hakuna aliyeniambia maneno hayo. Nimerudia ukurasa ule mpaka umelegea.

Ila mashine yako si hii yetu. Naomba ututumie kitabu cha hii mpya. Najua ofisini kwako kipo.

Mwanao,
Odeta Masele


SHIRIKA LA ZANA ZA VIJIJI
Sehemu ya Vitabu vya Maelekezo, Mwanza
27 Mei 1993

Ndugu Odeta Masele,

YAH: MAELEKEZO YA MASHINE YA KUSAGA

Marahaba. Barua yako imepokelewa. Nasikitika kukuarifu kwamba kitabu cha mashine uliyoitaja kwa sasa hakipo ghalani.

Hata hivyo, naweza kukitayarisha endapo utakuwa macho yangu. Simama mbele ya injini, usiiguse. Niandikie unachokiona kuanzia juu hadi chini, kwa maneno unayotumia nyumbani. Usitafute maneno ya kifundi. Kama kitu kinafanana na sikio la chungu, andika sikio la chungu.

Usione haya kuuliza. Hapa ofisini tulikuwa na utaratibu. Kila kitabu, kabla hakijapigwa chapa, alipewa Bernadeta, mama aliyekuwa akifagia karakana. Alikuwa anasoma kwa sauti na kutenda. Akikwama, hatukusema Bernadeta amekosa. Tulisema sentensi ndiyo imekosa, na nilikuwa narudi mezani kuiandika upya. Kuna ukurasa alinirudisha mpaka nikatamani kumfungia nje. Ndio ukurasa bora kuliko yote niliyoandika.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
P. Byabato
Mkuu wa Sehemu


Bujora
20 Juni 1993

Shikamoo baba,

Nianze na injini, halafu nina neno.

Juu kuna tangi la maji, mdomo wake kama wa mtungi. Ubavuni kuna kijiti chenye mistari miwili, ukikivuta kinatoka na oili. Juu ya kichwa kuna kiwiko kidogo ambacho fundi hukiinua na kukiangusha. Nilichungulia kwenye ufa wa mlango, Mungu anisamehe. Kuna tundu la kutia hendeli ya kuzungusha, na upande wa pili kopo lenye matundu kama chujio la chai, ukiweka kiganja pale injini ikiwa inatembea unahisi inakivuta. Mkanda unatoka kwenye gurudumu kwenda kwenye kinu. Nimekuchorea nyuma ya karatasi, na nimekuwekea fotokopi ya ile karatasi yetu ya picha. Lile doa ni uji wa Luhaga, si sehemu ya mashine.

Sasa neno langu. Wiki iliyopita nilimpeleka mtoto hospitali Mwanza, nikaona nipite Mkuyuni kwenye ofisi yenu, nikusalimie na nikuletee mchoro mkononi. Nilikuta mlango umening'inizwa makoti ya mitumba. Muuzaji akaniambia, "Shirika? Dada, hilo lilishabinafsishwa, wazee wamerudi kwao." Nilitoka pale nikaitazama tena bahasha yako. Karatasi ina kichwa cha Mwanza, muhuri wa posta ni wa Bukoba.

Sijakasirika, baba. Nilipofika nyumbani nilicheka kidogo, halafu nikalia kidogo, nadhani ni usingizi. Ila tuelewane. Mimi nina kina mama wanaonisubiri, na wakiniuliza kitabu kinatoka wapi nitawaambia kinatoka kwa mzee aliyekaa nyumbani kwake Bukoba. Hilo halikipunguzii kitu. Usinifiche tena, na usiache kuniandikia.

Odeta


Bukoba
8 Julai 1993

Mwanangu Odeta,

Karatasi zenye kichwa zimekwisha. Hii ni ya daftari la mjukuu.

Siku tuliyoagwa niliondoka na bunda la karatasi zile, kwa sababu sikujua kuandika bila kichwa juu yake. Barua yako ya kwanza ilinizungukia kutoka posta ya Mwanza hadi huku, na nilipoona mtu amefuata maneno yale ya nyuma ya kitabu baada ya miaka yote hii, nilivaa shati la kola ndipo nikaketi kujibu. Mke wangu aliniuliza kama naenda kanisani.

Umenitumia picha ya karatasi yenu. Nimeitazama sana. Siwadharau walioichora, mistari yao imenyooka. Lakini sisi tuliandika tukijua msomaji atabaki peke yake na mashine, mvua inanyesha, barabara imekatika, na hakuna wa kumwita. Kwa hiyo tulikaa naye. Karatasi ya siku hizi inajua kuna duka jirani, na fundi, na kama hakuna, hiyo si shida yake. Zana zinaingia kila wiki kutoka kila upande, nani atakaa kuziandikia moja moja? Kabla hujamaliza sura ya pili, imeshakuja nyingine.

Mchoro wako ni mzuri kuliko michoro ya vijana wangu wa ofisini. Kwa mchoro huo nimeandika kurasa ulizozikuta ndani ya bahasha. Maji kwanza. Oili pole pole, hadi mstari wa juu wa kijiti, isipite. Dizeli. Inua kiwiko, zungusha hendeli mpaka ikimbie, angusha kiwiko, chomoa hendeli hapo hapo. Lile chujio ndiyo pua ya injini, hapo ndipo inavuta pumzi. Mkono wenu uliopigwa msalaba unakatazwa kukaa karibu na mkanda. Mwambie Mama Kashindye kusalimia ruksa.

Ukurasa wa mwisho nimeunakili kutoka kitabu cha zamani bila kubadili neno. Uusome hata kama huna haja nao.

Baba yako,
Privatus Byabato


Bujora
1 Agosti 1993

Baba shikamoo, na mama shikamoo,

INAWAKA! Naandika unga ukiwa kwenye nyusi.

Kurasa zako nilizisoma mbele ya kikundi kizima. Shida ikawa moja. Wanaosoma ni mimi na Evelina, yule aliyeolewa hapa juzi, na wote tuna watoto wachanga. Siku mtoto akiugua, kitabu kinalala na mashine inalala. Mama Kashindye akasema, "Sisi tunalima shamba zima bila karatasi, kwa wimbo. Hiyo nayo ni shamba." Unajua kwetu Usukumani, jembe halishuki bila wimbo. Basi tukakaa chini ya kibaraza cha mashine na kurasa zako, mimi nasoma, yeye anatunga. Anaanza mmoja, wote wanarudia (mayu ni mama kwa Kisukuma):

Maji kwanza mayu, maji hadi shingo,
Oili pole pole, hadi mstari wa juu.

Na kadhalika mpaka hendeli. "Umefanya kazi nzuri" tumeiweka mwisho, hiyo tunaiimba na mabega.

Siku ya kwanza fundi alikuja bila kuitwa. Alikuta mlango umefungwa. Alibisha, Mama Kashindye akamjibu kutoka ndani, "Mwanangu, subiri nje, hii ni siri ya kazi." Nilimkanya, lakini baadaye. Kwanza nilicheka na wenzangu.

Nakuletea unga kwa mkono wa padri anayekuja Bukoba.

Odeta


Bukoba
19 Agosti 1993

Mwanangu,

Unga tumepokea. Kwetu sisi mlo ni ndizi, ugali tunamtilia mgeni shaka akiuomba. Lakini huu tumeula wote, na mke wangu ameficha uliobaki.

Wimbo ni mzuri kwa siku za furaha. Kwa siku za kazi, shika kitabu. Wimbo hauna namba za kurasa. Nisamehe, mimi ni mtu wa karatasi.

P. Byabato


Bujora
6 Septemba 1993

Baba,

Nimekosa nguvu ya salamu ndefu. Wote wazima, hilo ulijue kwanza.

Jumamosi nilikuwa kliniki na Luhaga. Wenzangu waliwasha bila mimi, kwa wimbo, Evelina ndiye aliyeshika makopo ya maji, oili na dizeli. Narudi, niko njiani, nikasikia injini imepandisha sauti. Si ile sauti yake. Ilikuwa inapanda na kupanda, kama mtu anayegombana na hasikii. Moshi wa buluu ulifunika paa. Wanawake walikuwa wanatoka mbio, Evelina ameshafunga dizeli na bado haizimiki, inajikimbilia yenyewe, na kinu chote kinatetemeka juu ya msingi.

Na mimi nilitaka kukimbia. Mtoto yuko mgongoni. Lakini ukurasa wako wa mwisho ulinijia mbele ya macho, vile ulivyoandika neno moja kwa mstari wake peke yake:

Usikimbie.
Loweka gunia. Ziba pua ya injini, na uishikilie hadi inyamaze.

Nikampa Mama Kashindye mtoto, nikachovya gunia kwenye pipa, nikaingia. Nilisukumiza gunia kwenye lile chujio. Lilivutwa kama anayenyonya. Ikakohoa, ikakohoa, ikanyamaza. Masikio yangu yanalia mpaka leo. Mikono yangu iliendelea kushika gunia, Evelina ndiye aliyenibandua.

Baba, mtu aliyeandika neno lile kwa mstari wa peke yake anajua binadamu ana miguu. Kwenye ile karatasi ya picha nimetafuta, hakuna mahali wanaposema lolote.

Sasa yaliyobaki ni mabaya. Chenge alifika jioni ile ile, akazunguka mashine akisema, "Nyimbo, nyimbo." Amekwenda kwa wafadhili. Wanakuja mwishoni mwa mwezi, na wakikuta haiwaki, inahamia Kisesa. Kikundi kinamtazama Evelina kwa jicho baya, naye anasema alifanya kama wimbo ulivyosema. Anaapa kwa mtoto wake.

Wimbo wetu umekosa wapi?

Odeta


Bukoba
14 Septemba 1993

Mwanangu,

Kwanza kaa chini. Umefanya kazi nzuri.

Neno lile si akili yangu. Bernadeta alipoufikia ukurasa ule karakanani, injini ilipandisha sauti naye akakimbia hadi barabarani, na mimi mwandishi nikamfuata. Tuliporudi aliniambia, "Mzee, huku kwenye gunia ni mbali. Anza na miguu." Nikaanza na miguu.

Injini iliyojikimbilia hivyo imekunywa oili kupita kiasi. Vua kijiti utazame, nina hakika imepita mstari wa juu mbali sana. Mwaga yote kwa chini, acha ikauke, safisha pua, tia upya. Ikiwa hakuna kilichovunjika, itawaka.

Kuhusu Evelina: usimwulize kwa nini. Mtu akiulizwa kwa nini hujitetea. Mpe makopo matupu, mwimbe wimbo wenu toka mwanzo, naye atende kama siku ile. Wewe tazama mikono yake tu.

Baba yako


Bujora
23 Septemba 1993

Shikamoo baba,

Tulifanya ulivyosema. Kopo tupu mkononi mwa Evelina, sisi tunaimba. Mama Kashindye akaanza, "Oili pole pole," Evelina akainamisha kopo. Wote tukaitikia, "Oili pole pole," Evelina akainamisha tena.

Hapo ndipo tulipoona. Evelina kakulia Mwanza mjini, hajawahi kulima kwa kuimbiwa. Sisi tunajua mstari wa pili ni wa kuitikia, tumezaliwa tukijua. Yeye alisikia agizo mara mbili akatii mara mbili. Maji alitia mara mbili yakamwagika tu. Dizeli haikudhuru. Oili ndiyo ilitaka kutuua.

Mama Kashindye alimshika mkono mbele ya wote akamwambia, "Mayu, hukukosa. Wimbo ndio umekosa." Mimi nilikuwa nimeshamsomea barua yako ya Bernadeta.

Hatukuutupa, baba. Najua utasema turudi kwenye karatasi, na karatasi ipo ukutani. Lakini wimbo tumeugeuza. Sasa anayeongoza anauliza, na anayejibu ni yule aliyetenda, peke yake, wengine kimya:

Maji je? Yamefika shingo.
Oili je? Imegusa mstari.
Hendeli je? Nimeichomoa.

Asipojibu, hatuendi mbele. Oili tumemwaga, tumesafisha, imewaka kwa sauti yake ya zamani. Wafadhili wanakuja tarehe thelathini. Njoo. Meli ipo, na kitanda kipo, Luhaga atalala na mimi kama kawaida yake.

Odeta


Bukoba
11 Oktoba 1993

Mwanangu Odeta,

Nimefika salama, na mke wangu ameshahesabu kwamba sikurudi na ndizi hata moja kati ya zile nilizokuja nazo.

Uliniuliza siku ile kwa nini nilikataa kuingia ndani pamoja na wageni, nikabaki kusimama nje ya mlango na kofia mkononi. Ulidhani naona haya mbele ya wafadhili. Hapana. Nilisimama pale kwa makusudi. Mwandishi wa maelekezo akiwa ndani ya chumba, msomaji humtazama usoni badala ya kuitazama mashine. Kitabu hupimwa mwandishi akiwa nje.

Nikasikia, "Oili je?" Kimya. Kimya kile kilikuwa kirefu, mwanangu, nikajikuta nimeshika ukuta. Ndipo sauti ya Evelina, taratibu, ya mtu ambaye macho yake yako kwenye kijiti: "Imegusa mstari." Injini ikashika. Nikasikia mahindi yanaanguka kwenye kinu, na mgeni mmoja akisema basi, hii haiendi popote, ni ya kina mama.

Nilikuwa nimeuita wimbo wenu kitu cha siku za furaha. Maisha yangu yote nilitafuta namna ya kuandika sentensi inayomsubiri msomaji mpaka awe ametenda. Karatasi haiwezi kusubiri, huendelea mstari unaofuata. Ninyi mmeandika inayosubiri. Nilisimama pale nje nikitafuta cha kusahihisha, kwa mazoea tu, sikukipata.

Kitabu kile naandika toleo la pili, kwa daftari la mjukuu. Jalada la nyuma litasema: "Kimetayarishwa na P. Byabato na kina mama wa Bujora. Ukikwama, imba."

Baba yako,
Privatus


Bujora
5 Desemba 1993

Baba shikamoo, mama shikamoo,

Luhaga anasimama akishika ukuta. Siku hizi nalala zaidi kidogo kuliko mwanzo. Haya ndiyo ya nyumbani.

Ya mashine ni haya. Fundi wa Chenge amekwenda machimboni Geita kutafuta dhahabu. Na injini ya Chenge ya zamani imekufa, amenunua mpya mjini, ndugu kabisa ya hii yetu. Imekuja na nini? Unajua. Ile karatasi, mkono na msalaba.

Alhamisi alikuja na baiskeli, akasimama nje. Mama Kashindye akaninong'oneza, "Tufunge mlango? Kidogo tu, aonje." Nikasema hapana. Nimesimama nje ya mlango ule vya kutosha, simtakii mtu. Nikamwambia, "Shemeji Chenge, karibu ndani, vua koti. Hapa hatufundishi anayetazama. Utaimba."

Alisema yeye haimbi. Nikamwambia basi hatasaga. Akaimba, sauti kama ya dume la mbuzi, kina mama wakauma khanga wasicheke. Tukafika kwenye maji. "Maji je?" Akajibu haraka, "Yamefika shingo!" na alikuwa ananitazama mimi, hakutazama tangi. Tangi lilikuwa halijafika hata nusu. Amezoea kujibu, yule, amekuwa mtu mkubwa siku nyingi.

Evelina ndiye aliyesema kabla yangu: "Hajakosa. Wimbo ndio umekosa." Tukakaa chini tukaurekebisha, yeye Chenge akiwemo. Sasa kwenye maji hujibu mpaka uzamishe kidole, na ukijibu unakiinua, wote wakione. Uongeze hilo kwenye toleo lako.

Tukaanza upya. "Maji je?" Chenge akamimina, akainama juu ya tangi, akakawia. Tukamsubiri. Kisha akageuka kwetu, ameinua kidole juu, kinatiririka maji hadi kwenye kiwiko cha mkono, kama mtoto wa darasa la kwanza anayejua jibu.

Mwanao,
Odeta